Neno Lililobaki Kitini

Duka la kuchapa michoro lilikuwa limefurika watu mchana ule. Mashine zinakoroma, kila mtu anaapa alikuwa mbele ya mwenzake. Kijana mmoja wa shati jeupe, penseli sikioni, alinyakua karatasi zilizoviringishwa akatoka mbio. Dada wa gauni la kijani akachukua zilizobaki, akaenda zake. Muda si mrefu simu yake ikalia.

"Hapo ni saluni?"

"Ndiyo, karibu."

"Dada, nimefungua ramani ya banda la uani mbele ya mteja nikakuta mitindo ya kusuka. Namba yako iko chini ya picha."

Dada akaangua kicheko. "Kumbe ni wewe! Mimi huku nimebandika jiko lako na choo chako ukutani. Wateja wanauliza huo ni msuko gani."

"Usibandue, nakuja."

"Njoo. Ila huyo mteja wako amechagua mtindo upi?"

Alikuja. Kesho yake akarudi bila sababu, keshokutwa akarudi na sababu ya kubuni. Dada akambatiza Penseli. Naye akamwita Chanuo, kwa lile chanuo la mbao alilolichomeka nyweleni hata akienda sokoni.

Penseli alikuwa na stashahada ya uchoraji majengo na vibarua vya kuchorea watu mabanda ya uani. Jioni alikaa saluni, akamchorea Chanuo saluni ya ndoto zake.

"Dirisha hapa. Jua la asubuhi likupige mgongoni, lisikuumize macho."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mlangoni, kwenye kigoda. Nafukuza wanaume."

Ndipo kampuni kubwa ya wasanifu majengo ikatangaza nafasi moja tu.

"Chanuo, mke wa mkurugenzi wao si wewe unayemsuka kila Jumamosi?"

"Ndiye."

"Basi nisemee, mpenzi. Neno moja tu. Mti hauendi ila kwa nyenzo."

"Michoro yako inatosha."

"Mbona mwaka jana haikutosha? Wenzangu wote wameingia kazini kwa mjomba, kwa shangazi, kwa jirani wa shangazi. Cheti kinakufikisha getini, wa kukufungulia ni mtu. Mimi nina wewe tu."

Maneno hayo yalimlegeza. "Haya, Jumamosi."

Jumamosi mke wa mkurugenzi, Mama kama Chanuo alivyomwita, akaketi, kanga begani, manukato yakijaza chumba. Neno lilikuwa ulimini kwa Chanuo. Akafumua nywele, na nyuma ya sikio vidole vyake vikagota penye ngozi tupu, laini kama shavu la mtoto.

"Umeona?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona, Mama."

"Baba watoto amehama nyumbani, nywele zinanyonyoka kwa mawazo. Hatusemezani. Kazini kwake hawajui, hata dada zangu hawajui. Wewe umejua kwa kuwa kichwa changu kiko mikononi mwako. Nifichie, mwanangu."

Shangazi aliyemfundisha kazi na kumwachia kiti kile alimpa sheria moja: kinachosemwa kitini kinafagiliwa pamoja na nywele. Na hata bila sheria, angemtumaje mwanamke huyu akamwombee mtu kwa mume asiyesemezana naye? Chanuo akalimeza neno lake. Akasuka mistari myembamba kuelekea nyuma, taratibu, hadi ile ngozi tupu ikafunikwa.

Simu haikumpa hata nafasi ya kunawa mikono.

"Malkia wangu, umesema?"

Alitaka kujibu hapana. Lakini 'hapana' ingezaa 'kwa nini', na hiyo 'kwa nini' hakuwa na ruhusa ya kuijibu.

"Chanuo, umesema?"

"Nimesema."

"Akajibuje?"

"Akasema... ataangalia."

Penseli alipiga ukelele hadi Chanuo akaitenga simu na sikio. "Nakupenda mpaka nimechoka!"

"Pumzika basi," alijibu, machozi yakimlenga. Alijiambia kazi ataipata kwa mkono wake mwenyewe, na uongo huu utajifia.

Na kweli, siku ya usaili mkurugenzi aliifunua michoro, akairudia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Una la kuongeza, kijana?"

Penseli alitabasamu ndani ya suti ya kuazima. "Nadhani Mama nyumbani ameshakudokeza habari zangu, mzee."

Uso wa mkurugenzi ukafungika. "Mama gani? Nani amekutuma kuchungulia nyumbani kwangu?"

Mhandisi mmoja wa kike, aliyekuwa mezani pale, alimsindikiza hadi kwenye lifti. "Mdogo wangu, tulikuwa tumeshakuchagua. Kilichokushinda ni kunyamaza."

Penseli hakupokea simu ya Chanuo wiki nzima. Jumamosi akaingia saluni, macho mekundu.

"Ulimwambia au hukumwambia?"

Chanuo akatupa jicho pembeni. Mama alikuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, amefumba macho, mngurumo umemziba masikio.

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Chanuo akaanza kufagia nywele sakafuni.

"Nimeuliza kwa nini! Uliogopa nikipata kazi nitakukimbia?"

"Nilikudanganya, na hapo naomba unisamehe. Lakini sababu si yangu kuitoa. Niamini tu."

"Nikuamini? Si ndiyo nilikuamini, nikaingia mle kifua mbele!" Sauti ilimkatika. "Kaa na sababu yako."

Miezi ikapita. Chanuo alikonda hadi gauni la kijani likawa kama la kuazima. Msusi mwenzake, aliyekuwapo siku ile, hakuvumilia, akamnong'oneza Mama kisa cha ule ugomvi. Mama akaunganisha mwenyewe yaliyobaki, akaitafuta namba ya Penseli.

Kesho yake Penseli alisimama mlangoni, ndevu zimemjaa, karatasi iliyoviringishwa kwapani, pete kiganjani.

"Mama amenieleza yote. Nimekuwa mjinga, mpenzi. Yule mhandisi amenitafutia kazi mji mwingine, naondoka Jumatatu. Nataka nikuoe, twende wote."

Chanuo alipangusa mikono. Alimpenda, kiasi kwamba hata kusimama karibu naye kulimuuma.

"Siku ile nilikuomba uniamini, ukashindwa. Leo unaniamini kwa kuwa Mama amekupigia simu."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Hata kwangu umekuja kuingia kwa kujuana, Penseli. Na kwangu ndiko pekee ulikokuwa huhitaji wa kukusemea."

Safari hii Penseli aliweza kunyamaza. Akaiweka karatasi juu ya kiti, akatoka.

Chanuo aliikunjua. Saluni nzima ilikuwamo, mistari safi, imekamilika. Dirisha mahali pake, jua la asubuhi likiingia kutokea mgongoni. Na mlangoni, kwenye kigoda, kajitu kadogo kenye penseli sikioni.

"Dada, kuna nafasi?" mteja aliuliza kutoka nje.

Akaiviringisha karatasi, akajifuta uso kwa kiganja.

"Ipo. Karibu ukae."