Mteja Aliyesema Atarudi

Mgongo wa mteja wa mchana ule haukupata joto. Mkandaji alipaka mafuta, akasugua, akakandamiza kwa viganja mpaka kijasho kikamtoka, lakini nyama ilibaki baridi kama sakafu. Mteja alikuwa amelala kifudifudi, kafunikwa taulo, uso kauzamisha kwenye tundu la kupumulia la kitanda. Hakuguna. Chumba kilinuka udongo uliolowa, ingawa nje kulikuwa kukavu.

Asubuhi hiyo dada mkubwa wa mkandaji, aliyepokea wateja pale mbele, alikuwa amemsema. Watu wanatoka wakisifu, alisema, halafu hatuwaoni tena. Mficha uchi hazai. Kabla mtu hajavaa viatu, mwambie mgongo wake unahitaji nini, na umwambie arudi.

Mkandaji aliona jambo hilo ni kama kuombaomba, lakini akajikaza.

"Mgongo huu bado una kazi," alisema. "Usipotee. Rudi wakati wowote, mlango uko wazi."

"Nitarudi," sauti ikajibu kutoka chini ya kitanda.

Akatoka ili mteja avae. Pale mbele dada yake akamuuliza alikuwa anaongea na nani, maana tangu mchana hajaingia mtu. Wakarudi pamoja. Taulo lilikuwa bado limeinuka kwa umbo la mwili. Kisha likashuka polepole, mabega kwanza, likalala bapa.

Tangu siku ile viganja vya mkandaji vilikufa ganzi. Alishika sufuria jikoni akajua ameungua pale tu aliposikia harufu ya ngozi yake. Mumewe alimfunga kitambaa huku akitetemeka. Yeye alitazama tu, kama mkono ni wa jirani. Hata woga haukumjia.

Na wateja walirudi. Walirudi bila kuombwa, wengine kabla maumivu hayajaanza, na dada mtu, kwa furaha, akaongeza viti vya kungojea. Wote walikaa kimya.

Miongoni mwao alikuwemo fundi wa nguo waliyempachika jina la Cherehani, kwa kazi yake na kwa mdomo wake usiotulia. Siku moja aliingia bila salamu wala utani, macho yamemtumbukia, akapanda kitandani kama mtu anayesukumwa.

"Shoga, sikuja kwa kupenda," alinong'ona. "Miguu ndiyo inanileta. Jana sindano ilipenya kidole, sikuhisi kitu."

Mkandaji alimwekea mikono mgongoni, na palepale harufu ya udongo ikajaa chumbani, na baridi ileile aliyoikumbuka ikaanza kutembea chini ya ngozi ya yule mwanamke, kutoka kiunoni ikipanda uti wa mgongo taratibu, ikipita chini ya viganja visivyohisi chochote ila baridi hiyo, mpaka ikafika shingoni, na kutoka chini ya kitanda, mdomo wa Cherehani ukiwa umefumba, sauti ikasema, "Nimerudi."

Dada mtu alisikia akiwa mlangoni. Alikwenda kumleta mganga, mama wa makamo mwenye kikohozi na maneno machache. Mganga alifukiza ubani, akasikiliza habari yote, akamgeukia mkandaji.

"Umemfungulia mlango kwa kinywa chako," alisema. "Kafunge kwa kinywa hichohicho."

Mkandaji akapiga magoti, akaingiza kichwa gizani chini ya kitanda. "Mlango umefungwa," alisema. "Usirudi."

Kitanda kikatikisika, Cherehani akalia kwa sauti yake mwenyewe, na maumivu yakaingia mikononi mwa mkandaji kama siafu.

Baada ya hapo viti vya kungojea vilipungua watu. Dada mtu ndiye sasa aliyewaomba wateja warudi, akimtaja kila mmoja kwa jina lake, asije akaitika mwingine.

Siku moja Cherehani alileta gauni alilomshonea mkandaji kwa shukrani, akamkumbatia, akalia. Mkandaji alihisi kitambaa laini, joto la shavu, machozi yakimtiririkia shingoni. Mikono yake ilihisi kila kitu. Alijua naye anapaswa kulia, akangoja machozi yaje. Hayakuja. Furaha haikuja, huruma haikuja. Ndani mlikuwa kimya, mna baridi ileile ya mgongo wa mteja wa mchana ule.

Dada yake, aliyekuwa akiwatazama kwa tabasamu, aliuona uso wa mkandaji ulivyo mtupu, akarudi nyuma hatua moja.