Nakala Iliyozidi

Kwenye kompyuta ya mhariri zilikuwemo rekodi arobaini za sauti ya marehemu mama yake. Alipomaliza kuzinakili kwenye diski ya nje, huko zikawa arobaini na moja.

Mhariri alihesabu tena. Tangu ofisi iwaambie wafanyie kazi nyumbani, meza ya chakula ndiyo ofisi yake: blauzi ya heshima juu kwa ajili ya vikao vya mtandaoni, khanga chini. Kompyuta yake ya kwanza ilimfia na kila kitu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, basi kila Ijumaa mchana alihifadhi nakala. Miswada ya watu ingepotea, angeomba radhi. Zile sauti zingepotea, mama asingekuwa naye tena.

Akafungua ile ya ziada. “Mwanangu,” mama alisema, kwa mkwaruzo wake uleule, “maji yanachemka.”

Jikoni birika lilikuwa linachemka kweli. Akaenda akazima jiko. Hata moyo haukumwenda mbio.

Ijumaa iliyofuata zilizidi mbili, kisha tano, na chumba kikaanza kunuka udongo mbichi wa kaburini, harufu iliyokuwa ikitoka mezani, ikapanda pazia, ikamfuata mpaka bafuni, naye akawa anasikiliza tu, akila kwa mkono mmoja, mwingine kwenye kompyuta. Mumewe, fundi bomba asiyeogopa hata choo kilichoziba, alisikia mara moja tu, akaenda kumleta mganga.

Mganga, mama mfupi mwenye miwani, alisema ni jini, na jini huyo hana sauti yake mwenyewe. Ameiazima katika zile arobaini. Zifutwe, kwenye kompyuta na kwenye diski.

“Zote?”

“Zote, mwanangu. Na akikuita, usiitike. Ukiitika umemkaribisha.”

Akazifuta moja moja, mganga akinong'ona dua, mumewe akimshika bega, harufu ikififia kidogo kidogo, na yeye akingoja kilio ambacho hakikuja, mpaka ya mwisho ikatoweka na chumba kikawa chumba.

Mumewe alitoka kumsindikiza mganga. Mhariri akabaki mezani, akajaribu kumkumbuka mama akimwita. Maneno aliyakumbuka, sauti hapana. Akajaribu tena. Patupu. Hapo ndipo alipoogopa.

Kompyuta ilikuwa imezimwa. Nyuma ya kiti chake mtu akasema taratibu, “Mwanangu.”

Ilikuwa sauti yenyewe, mkwaruzo na yote.

“Abee, mama,” akaitika.