Sala ya Penalti ya Tano

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya vitambulisho, na foleni ya studio ilikuwa imetoka mlangoni, ikapita duka la viatu, ikaishia mbele ya kinyozi. Watu walivaa mashati yao mazuri juu, na chini kila mtu na lake, kaptula au kandambili, kwa kuwa picha ya kitambulisho haifiki kiunoni. Ndani, feni ilizunguka bila kuleta upepo. Binti mwenye kamera, aliyevaa gauni la rangi ya chungwa na kitambaa cha buluu kichwani, alikuwa ameshapiga watu sitini tangu asubuhi na bado alikuwa akisema tafadhali.

Mtu wa sitini na moja aliinama ili apite mlangoni. Alipokaa kwenye stuli, kichwa chake kilizidi kitambaa cheupe cha nyuma na kutokeza kwenye ukuta wa kijani.

"Kaka, kaa chini kidogo."

"Nimeshakaa."

"Basi kaa zaidi."

Foleni nzima ikacheka. Mwishowe alikalia ndoo iliyopinduliwa, magoti yakimgusa kidevu, na kila mara binti alipoinua kamera, yeye akatabasamu.

"Picha hii haitakiwi kucheka," binti alimwambia.

"Sicheki. Uso wangu ndivyo ulivyo nikikutazama."

Binti alipiga hivyo hivyo. Kisha printa ikakwama. Binti akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, akaigonga ubavuni mara moja. Printa ikakohoa na kuanza kutoa karatasi.

"Umeiambia nini?" aliuliza yule mrefu.

"Sikuiambia kitu. Nimemwambia Mungu."

"Mungu anahusika na printa?"

"Foleni umeiona au hukuiona?"

Mrefu huyo alikuwa golikipa wa timu ya daraja la pili, na picha zilikuwa za kadi yake ya usajili. Mashabiki walimwita Mlingoti. Siku ya pili alirudi akitaka picha nne zaidi, wiki iliyofuata nne tena, hata shangazi wa binti, mwenye studio, akauliza, "Huyu kijana anahama nchi?" Ndipo Mlingoti alipoona aibu, akaacha kununua picha na kumwalika binti kunywa soda. Akambatiza jina Flashi, na jina likamganda.

Walipendana kwa maneno mengi. Mlingoti alimpigia kila baada ya mazoezi, angali amevaa glavu, simu akiishika kwa viganja viwili kama anayekula embe.

"Flashi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na nimekuombea Jumamosi mshinde."

"Tumeshazungumza hilo."

"Umezungumza wewe. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Hapo ndipo walipopishana. Flashi alimwomba Mungu kila kitu, kama mtoto anayemvuta mama yake nguo: mvua ingoje nguo zikauke, shangazi apate usingizi, umeme usikatike. Mlingoti naye alisali, ila aliamini kwamba kuomba ushindi ni utovu wa adabu. Aliwahi kuona timu mbili zikipiga magoti katikati ya uwanja mmoja, kila moja ikiomba imfunge mwenzake.

"Sasa Mungu afanye nini hapo? Atoe sare?"

"Wewe si ulimwomba upone mafua?" Flashi alimjibu. "Wadudu wa mafua hawakuumbwa na yeye?"

"Wadudu wa mafua hawana mama jukwaani."

Flashi alicheka hadi shangazi akachungulia, lakini hakukubali kushindwa. Kwake, kumpenda mtu na kutomwombea akitakacho ilikuwa sawa na kumficha Mungu jambo analolijua.

Msimu ule timu ilifika fainali ya kupanda daraja. Upande wa pili mshambuliaji wao mkuu alikuwa Dobi, rafiki wa Mlingoti wa tangu ujana. Waliwahi kulala chumba kimoja miaka mitatu kwenye kambi ya vijana, wakivaa soksi kwa zamu. Jina lake lilitokana na duka la mama yake la kufua na kupiga pasi. Flashi hakuwahi kumwona wala hakujua namba ya jezi yake, lakini visa vyake alivijua vyote.

Wiki ya fainali Mlingoti alimwambia, "Niahidi jambo moja. Usiombe tushinde. Omba tutoke salama, basi."

"Mdomo naweza kuufunga, mpenzi. Moyo siwezi."

"Flashi, nakuomba."

"Sawa. Nitajitahidi," alisema, na alimaanisha.

Mechi iliisha kwa sare ya bao moja kwa moja, ikaenda penalti. Timu ya Mlingoti ilipiga tano, zikaingia zote. Wapinzani walipata nne. Penalti yao ya tano akaja kuipiga Dobi. Uwanja ulikuwa umemwagiliwa maji adhuhuri, na upande ule majani yalikuwa bado yanang'aa. Dobi aliweka mpira, akarudi nyuma hatua sita, hakumtazama Mlingoti usoni. Akakimbia. Mguu wa kushoto, ule wa kusimamia, ukateleza, goti likageukia ndani, na mpira ukatambaa nje kama uliochoka.

Mlingoti aliruka na kupiga kelele za furaha. Alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea kwa wenzake ndipo aliposikia Dobi analia.

Flashi alikuwa amesimama juu ya benchi la jukwaa la mwisho, jezi ya kijani juu ya gauni lake. Aliona mguu ukiteleza, aliona mpira ukitoka, kisha watu wote wakasimama na hakuona kitu tena. Alishuka akikanyaga na kukanyagwa, kitambaa cha kichwa kikamdondoka njiani, akamkuta Mlingoti kwenye mlango wa wachezaji.

"Nimeshindwa kuvumilia," alimwambia akihema, macho yamejaa machozi ya furaha. "Nilijitahidi mechi nzima, ila pale mwisho nilishindwa. Nilisema, Mungu wangu, mtelezeshe. Neno hilo hilo, mpenzi. Na akateleza."

Mlingoti alimtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Unajua aliyeteleza ni nani?"

"Namba tisa wao."

"Ni Dobi. Goti limekwisha. Wamembeba."

Rangi ilimtoka Flashi usoni. "Sikujua. Sikuomba aumie, niliomba ateleze tu."

"Basi nenda hospitali ukamtazame. Ombi lako limejibiwa."

Akaingia ndani. Flashi alisimama pale mpaka mlinzi alipomwomba apishe gari.

Alipiga simu mara kumi na moja siku ile na iliyofuata. Siku ya tatu ukaja ujumbe: "Sitaki mtu wa maombi ya namna hiyo karibu yangu. Usinitafute." Aliusoma katikati ya kazi, mteja akiwa ameshakaa kwenye stuli, akampiga picha tatu zote zikiwa na ukungu.

Kulikuwa na jambo ambalo Mlingoti hakumwambia mtu. Pale kwenye mstari wa goli, mikono imetanuka, Dobi akirudi nyuma hatua zake sita, alisahau yote aliyokuwa akihubiri. Alisema moyoni, "Mungu, ateleze. Huyu ateleze tu." Kati ya sala na jibu zilikuwapo hatua sita tu. Ndiyo maana maneno ya Flashi yalimchoma vile. Alisikia mdomo wake mwenyewe ukizungumza kwa sauti ya mwingine, na ilikuwa rahisi kumfukuza yule aliyesema kuliko kukiri.

Hakwenda kumwona Dobi. Wiki ya kwanza alijiambia amuache apumzike. Mwezi wa tatu aibu ya kuchelewa iliongezeka juu ya aibu ya mwanzo. Timu ilikuwa daraja la kwanza, mashabiki wakaimba jina lake, naye akadaka vizuri na kula vibaya. Mama yake alimuuliza, "Yule binti wa picha yuko wapi?" Akajibu, "Tuliachana tu, mama." Mama akamwangalia na kuendelea kuchambua mchele.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Dobi ndiye aliyempigia simu.

"Nimevunjika goti, ndugu yangu. Sina ukoma. Njoo."

Alimkuta kwenye duka la mama yake, amekaa juu ya kiti kirefu, mguu umenyooshwa kwenye sanduku, anapiga pasi mashati ya hoteli. Mvuke ulijaa chumbani na harufu ya wanga. Mpira ulikuwa basi kwake. Daktari alisema atatembea vizuri, atakimbia kidogo, hatacheza.

Mlingoti alisimama kati ya mashuka yaliyoning'inia, akamwambia yote bila kukaa. Dobi aliendelea na kola ya shati hadi alipomaliza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi niliomba upofuke," Dobi alisema. "Sekunde moja tu, nipige, halafu uone tena. Wewe ulipofuka?"

"Hapana."

"Basi. Pale palikuwa na maji. Hata refa aliteleza kipindi cha kwanza, waulize." Akatundika shati. "Lakini mwenzio alikutangulia. Alikuja wiki ile ile."

"Nani?"

"Flashi. Alikuja hospitali akilia, akapiga magoti mbele ya wodi nzima, akasema ni yeye aliyenivunja. Nikamwambia ainuke, wagonjwa wanadhani ananidai talaka." Dobi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Akaja kila Jumamosi, miezi minane. Alinisindikiza mazoezi yote ya mguu. Na hakuwahi kusema neno baya juu yako. Nilimuuliza kwa nini hamko pamoja, akasema wewe ni mtu safi, hukuweza kukaa na mtu kama yeye."

Mlingoti alikaa juu ya kifurushi cha mataulo.

"Kamwambie," Dobi alisema. "Ila usiende na matumaini mengi."

Alikwenda mchana ule ule. Studio ilikuwa tupu, shangazi akamwonyesha nyuma, ambako Flashi alikuwa anakata picha kwa kisu na rula. Alikuwa amevaa gauni la kijivu lenye vifungo vidogo, nywele amesuka. Alimwona, mkono ukasimama, kisha ukamalizia mstari uliokuwa umeanza.

"Karibu."

Alimwambia. Safari hii alikaa, na hakuficha kitu. Flashi alisikiliza huku akikata picha nne nne, na Mlingoti alipofika kwenye maneno yale, "ateleze tu," binti aliweka kisu chini.

"Wewe pia," alisema polepole.

"Mimi pia. Tena kabla yako, labda."

"Na ukaniacha nibebe peke yangu."

"Nilikuacha."

"Mwaka mzima nilikuwa naogopa kufungua mdomo. Niliacha kusali, unajua? Shangazi aliumwa nikaogopa hata kumwombea. Nilidhani nikisema neno, mtu mwingine ataanguka." Sauti yake haikupanda. "Kama ungepiga simu siku moja, ukasema hivi unavyosema leo, ningelia, tungelia pamoja, na ingekwisha."

"Nisamehe, Flashi."

"Nimekusamehe zamani. Nilidhani wewe ndiye unayepaswa kunisamehe, kwa hiyo langu nililimaliza mapema." Akafuta mikono kwenye gauni. "Lakini nimechumbiwa."

Alimweleza bila kumzunguka. Mtu mwenyewe alikuwa yule mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimfanyisha Dobi mazoezi. Jumamosi baada ya Jumamosi alimwona binti amekaa kwenye benchi la korido akiwa hana raha, akaanza kumletea chai, kisha akaanza kukaa naye. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba goti ni mishipa na majani ni majani, akamrudishia usingizi. Harusi ilikuwa mwezi ujao.

"Unampenda?" Mlingoti aliuliza.

Flashi alifikiri kabla ya kujibu, na kule kufikiri kulimuumiza kuliko jibu. "Ndiyo. Si kama nilivyokupenda wewe. Lakini naye sijawahi kuogopa."

Nje honi ilipigwa. Mlingoti aliinama, viganja vyake vikubwa vimelala magotini. "Ningekuomba ufikiri tena."

"Usiniombe." Aliinuka akamsindikiza hadi mlangoni, pale ambapo jua la mchana lilikuwa limepasha kizingiti moto. Alimshika mkono, akaushika muda mrefu kuliko inavyostahili. "Kama utasali, niombee heri kwenye ndoa yangu. Nitajua unaomba, na itanisaidia."

"Nitaomba," alisema.

Akaondoka kwa miguu, akipita duka la viatu na kinyozi, kichwa chake kikionekana juu ya watu wote hadi kona. Alitimiza ahadi yake kuanzia siku ile ile. Lakini ilimchukua hadi mvua za mwaka uliofuata, Flashi akiwa tayari anasubiri mtoto, kuweza kuisema sala ile mpaka mwisho bila kuongeza ombi lake mwenyewe.