Mbuzi wa Ntheo na Mtihani wa Pikipiki

"Hapo kwenye raundabauti, nani anapita kwanza?"

Mwalimu Wakiuru aligonga meza iliyochorwa barabara. Mkononi nilikuwa na kipikipiki cha plastiki.

"Mwenye haraka," nikajibu.

Darasa zima likacheka.

"Wanza, nani alikufundisha hayo?"

"Ndolo, mchumba wangu. Ni wa bodaboda hapo Kyumbi."

"Anayetoka kulia ndiye anapita. Mtihani ni kesho. Msahau Ndolo."

Nimsahau vipi? Ndiye aliyenifundisha klachi uwanjani Katelembo, akinishika kiuno hata pasipo na haja. Jumamosi alikuwa alete mbuzi wa ntheo kwetu Kathiani, na kwetu Wakamba mbuzi huyo akishapokelewa, umeolewa.

Simu ikalia. Ujumbe wake: "Wanza, usiende mtihani kesho. Ahirisha. Tafadhali."

Nikampigia.

"Ndolo, hii ni nini umeniandikia?"

"Ahirisha tu, mpenzi."

"Kwani hutaki bibi anaendesha pikipiki?"

"Nataka."

"Si helmeti ni wewe ulininunulia?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

Akakata. Nilichanganyikiwa, nikaogopa. Huyu ananisukuma mbele kwa mkono mmoja na kunivuta nyuma kwa mwingine. Labda ana mwanamke huko mtihani unakofanyiwa. Nikampigia mama.

"Mama, nimwambie baba asipokee mbuzi?"

"Uliza kwanza, mwanangu. Mbuzi bado hajafika."

Asubuhi nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja tu ndiye aliyevaa helmeti, kioo kimeshushwa. Buti zile zenye kamba za buluu nilizijua.

"Ndolo?"

"Sio yeye," helmeti ikajibu.

"Itoe."

Akaitoa. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Sina leseni, Wanza. Sijawahi kuwa nayo. Miaka yote napita njia za panya."

"Na leo?"

"Sikutaka kuingia kwa baba yako na uongo. Nikapangiwa siku moja na wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Mimi ndio mwalimu wako. Nitapanga laini aje na mwanafunzi wangu?"

Nilikasirika kwa kudanganywa, na papo hapo nikampenda kwa kuona haya. Sikujua nishike lipi. Watahini wakamwita kwenye meza yao ya barabara, mbele yangu.

"Hapo kwenye raundabauti, nani anapita kwanza?"

Ndolo akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Mwenye haraka," akasema.

Akaanguka mtihani. Mimi nikapita. Nje nilimkuta ameketi juu ya jiwe, helmeti magotini.

"Basi hakuna ntheo," akasema. "Nani atampa mwanawe mtu kama mimi?"

"Funguo za pikipiki, leta."

"Za nini?"

"Huendeshi tena mpaka upate leseni. Na sasa mimi ndiye nitakufundisha."

Akacheka kidogo, akazitoa mfukoni.

Jumamosi tukapanda milima ya Kathiani, mimi mbele, Ndolo nyuma amemkumbatia mbuzi. Kila tulipofika kona alininong'oneza, "Honi, Wanza," nami nikamwambia abiria anyamaze. Baba alikuwa getini. Akanitazama, akamtazama Ndolo, kisha mbuzi, kisha mimi tena. Sijawahi kumwona mzee amechanganyikiwa hivyo.

"Hii mbuzi imeletwa na nani?"

"Imeletwa na Ndolo, baba," nikasema, nikizima injini. "Mimi nimemleta Ndolo."

Ndolo akashuka, mbuzi mikononi.

"Mzee, mimi sina leseni. Nilianguka mtihani. Nimeona nikuambie mwenyewe."

Baba akanyoosha mkono, akaipokea kamba ya mbuzi.