Leseni ya Joackim

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, simu ya kazi ya Klaudia ilianza kunuka dagaa wabichi.

Aliinusa, akaifuta. Ilikuwa siku yake ya pili katika kampuni ya kununua samaki pale Bukoba, na asubuhi ile Yuster alikuwa amemfungulia mfumo wa ujumbe ambao mawakala wote wa visiwa vya Muleba huutumia kuripoti mzigo. Ujumbe wa kwanza ulikuwa umeshaingia. Haukuwa na jina la mtumaji.

"Mizani iko tayari. Unakuja?"

"Dada Yuster, huyu ni nani?"

Yuster alikuwa anamenya chungwa. Hakugeuka. "Wakala. Usimjibu."

"Mbona hana jina?"

"Weee! Huko chuo mlisomea kuuliza maswali?" Akacheka, lakini kisu kilikuwa kimesimama.

Klaudia hakuchukia. Yuster ndiye aliyemtafutia chumba, akamwazima godoro, akamtambulisha kwa watu kama mdogo wake.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha na ofisi ikawa giza. Simu ikaleta sauti iliyorekodiwa, na Klaudia akaisogeza sikioni. Alisikia maji yakigonga mbao za mtumbwi, na chini ya maji mtu akihangaika kuvuta pumzi, pole pole, kana kwamba kila pumzi aliiomba kwa mtu mwingine, na alipotaka kuizima aligundua kwamba kifua chake mwenyewe kimejaa, kwamba hawezi kupiga kelele, kwamba kinachomtoka mdomoni na kumwagika juu ya meza ni maji ya ziwa, ya baridi, yenye magamba madogo ya samaki.

Alipoweza kusimama alikwenda kwa meneja, Bwana Buberwa.

"Naomba akaunti nyingine, bosi. Hii ina kasoro."

"Nyingine haipo." Buberwa alisugua macho. "Wenye mfumo wanatoza kwa kichwa. Mkataba wetu ni watumiaji hamsini. Akiongezeka mmoja tunapanda daraja, na bei inapanda kwa wote hamsini, mwaka mzima. Ndiyo maana tunatumia leseni ya marehemu, akaunti yake na simu aliyoiacha ofisini."

"Marehemu gani?"

Buberwa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Joackim, aliyezama akienda kupima mzigo kisiwani. Yuster hakukwambia? Alikuwa nayo yeye, tangu aliposhika kazi za marehemu. Ulipoajiriwa alinisihi arudishiwe yake ya zamani, hiyo upewe wewe."

Klaudia alimkuta Yuster amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Ulijua," Klaudia alisema.

"Ongea taratibu, anasikia." Yuster alimvuta pembeni. "Nilikuwa naamka shuka zimelowa. Ningezama kitandani, Klaudia. Mwili haukupatikana. Kwao Rubya baba yake amekataa kumaliza msiba, mrithi hajawekwa, na sisi tumeshagawa kitu cha mtoto wake! Nani angethubutu hata kuvaa shati lake?"

"Lakini mimi ukanivalisha."

"Nina watoto."

"Na godoro? Ulikuwa unaninenepesha?"

Yuster alifunika uso. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Klaudia. Wote wawili walijua imeandika nini.

Asubuhi iliyofuata Klaudia hakwenda ofisini. Aliizima simu, akapanda gari la Muleba, akashuka Rubya na kuulizia hadi kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba, ambako mzee, baba yake Joackim, alikuwa ameketi barazani. Blanketi la msiba lilikuwa bado begani mwake.

Klaudia alipiga magoti, akamwita baba kwa Kihaya. "Tata, shikamoo. Nimetoka kazini kwa Joackim. Hiki ni chake. Hatukuwa na haki ya kukigawa."

Mzee aliipokea simu kwa mikono miwili. Aliipapasa, akaiweka sikioni kama mtu aliyezoea.

"Joackim," akasema kwa upole. "Mbona umechelewa hivi?"

Klaudia alitaka kumwambia kwamba imezimwa. Ndipo kile kioo cheusi kilipojibu, kwa Kihaya, kwa sauti iliyojaa maji. Na uso wa mzee ukang'aa kwa furaha, na kikohozi chake cha kwanza kikalowesha blanketi kwa maji ya ziwa.

Klaudia alinyoosha mkono amnyang'anye simu. Akakumbuka uzito ule kifuani. Akaurudisha mkono, akasimama, akaaga kwa heshima, na kushika njia ya migombani.