Picha Juu ya Piano ya Marcelline

Jioni moja ya mwaka 2012 nilimpelekea mpwa wangu Marcelline unga wa muhogo kutoka soko la Warwick. Jina lake la ubatizo ni Marcelline-Josée. Tangu mumewe Protas anunue nyumba Westville, kitongoji cha matajiri, anataka aitwe Madame.

Sebuleni paliwekwa piano ya mstatili, iliyoundwa Boston kabla ya 1860. Wamarekani wa wakati ule waliinunua ili wageni wajue wameingia kwa waungwana. Walau binti zao waliipiga. Hapa hakuna aliyejua hata kuifungua.

Juu yake palikuwa na kitambaa cheupe, maua meupe, mishumaa miwili inayowaka. Katikati, picha ya binti yake, Annick.

Nilisimama.

"Marcelline, hii ni meza ya matanga."

"Eish, Tonton! Wewe na mambo ya kijijini. Kwenye magazeti wanapanga hivi."

"Annick yuko wapi?"

"Amelala. Homa tu, tangu Jumapili."

"Na picha uliiweka lini?"

Akaigeukia picha.

"Jumapili..."

Ndipo piano ikalia. Sauti moja, nzito. Kifuniko kimefungwa. Harufu ya udongo uliochimbwa ikajaa sebule. Kisha ukaanza wimbo, ule tunaosindikizia jeneza. Na kutoka chumbani, Annick akauitikia, polepole...

Niliinyakua picha. Nikazima mishumaa.

Kimya.

"Mama," Annick akaita, "niko na njaa."

Marcelline alilia, akanibusu mikono. Nikadhani amejifunza. Mpenda makuu hajifunzi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumjulia hali binti. Alikuwa mzima. Lakini kitambaa kilikuwa kimerudi. Mishumaa inawaka.

"Wageni wanakuja, Tonton," Marcelline alininong'oneza. "Piano tupu ni aibu. Usiogope, ya Annick nimeificha."

Katika fremu ile ile nilijiona mwenyewe, kijana mwenye tai, mbele ya chuo cha mapadri, Bukavu, 1957.

"Wajue ukoo wetu ulisoma!"

Nilinyoosha mkono. Kioo kilikuwa baridi. Mkono wangu ulikuwa na homa.

Picha hiyo sasa iko kabatini mwangu. Labda piano ile ilizoea misiba huko Boston, sijui. Ninaishi katikati ya mji, na jengo letu halina piano.

Lakini jua likizama, hujisikia nikiuitikia wimbo ule.