Dhahabu Chini ya Ulimi

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kununua siki ya kumkanda binti yangu, Fausta. Homa ilikuwa imemkausha mpaka mbavu zinahesabika, na mimi Vibia nilishachoka kuomba miungu isiyosikia.

Njia ya kurudi hupita makaburini, nje ya lango la Roma. Hapo nikasikia harufu... matope yaliyooza.

"Mama Fausta."

Kikongwe alikuwa ameketi juu ya kaburi, kajifunika kichwa. Sikumjua.

"Mtoto anawaka moto, siyo?" akanong'ona. "Mwekee hii chini ya ulimi."

Akanitia kiganjani sarafu ya dhahabu. Upande mmoja Kaisari. Upande wa pili Afya, mungu wa kike, akimlisha nyoka kwenye bakuli. Sisi mafukara dhahabu tunaisikia tu.

Nyumbani, mume wangu Vettius aliruka.

"We mwanamke, umerogwa? Sarafu mdomoni huwekewa maiti, ampe mzee wa mtumbwi amvushe kuzimu!"

"Maiti huwekewa shaba, baba Fausta. Hii dhahabu, na Afya mwenyewe yumo. Au una dawa nyingine?"

Akanishikia taa.

Tukamwekea. Homa ikashuka papo hapo, nikalia kwa furaha. Ikazidi kushuka. Vidole vyake vikawa baridi...

Chwa. Chwa.

Maji, yakipigwa kasia. Na sisi tunakaa ghorofa ya nne.

"Mama," Fausta akasema, macho kafumba, "mzee ananishika mkono nipande."

Nikampanua taya kwa nguvu, nikaichomoa ile sarafu, nikaiangalia kwenye taa. Afya alikuwa amenipa kisogo.

Mwanangu alikuwa ameshakata roho.

Vettius aliinyakua dhahabu, akakimbia kuitupa mtoni Tiberi huku akilia. Fausta tulimzika kama walivyozikwa bibi zake, shaba mdomoni. Kikongwe yule hakuna anayemjua. Muuza siki anasema tu kwamba kaburi lile lilivunjwa zamani, na maiti aliyekuwemo alikutwa kinywa wazi, sarafu yake haimo.

Nimekonda. Silali. Kila giza likiingia, maji hupiga mlangoni, kisha huja sauti ya mwanangu, ndogo, inatetemeka kwa baridi:

"Mama, shaba ameikataa. Anasema alishaonyeshwa dhahabu."